Mkataba wa mfumo unakwisha, nami natakiwa kusaini kazi ambayo haijakamilika

Ndugu Mshauri,

Salamu. Mimi ni msimamizi wa kitengo cha TEHAMA katika halmashauri ya ukubwa wa kati. Naomba jina langu lisichapishwe.

Karibu miaka mitano sasa tumekuwa na mkataba na kampuni binafsi iliyotuwekea mfumo wa kukusanya mapato. Leseni za biashara, ada za masoko, maegesho, vibali vya ujenzi na kodi ya majengo, vyote vimo humo. Mfumo unakaa kwenye seva za kampuni, sisi tunaingia kwa kivinjari tu. Wakusanyaji wanatembea na mashine za mkononi zinazotoa risiti, na mlipaji akilipa kwa simu au benki, akaunti yake inasoma ndani ya dakika chache. Mfumo umetusaidia, sitaki kudanganya.

Mkataba unaisha baada ya miezi minne. Kati ya moduli saba zilizoagizwa, yaani sehemu za mfumo, sita zinafanya kazi. Ya saba, kodi ya majengo, ina skrini nzuri lakini hesabu zake hazisimami. Kiwanja kikigawanywa, deni la zamani linabaki kwenye kiwanja mama na papo hapo linanakiliwa kwenye vipande vyote viwili. Adhabu ya kuchelewa inatozwa juu ya adhabu nyingine. Ripoti ya madeni ya mwaka hailingani na jumla ya akaunti zenyewe. Tumeyaandika haya kwa kampuni, tunajibiwa kwamba toleo jipya linakuja.

Sasa mwaka wa fedha unafungwa mwishoni mwa mwezi ujao. Malipo ya mwisho, asilimia 20 ya bei ya mkataba, yamefungwa kwenye cheti cha mapokezi ya moduli zote saba. Mkurugenzi ameniambia nisaini cheti hicho ili fungu lisirudishwe: "Saini, watamalizia baadaye." Wakati huohuo kitengo cha ununuzi kinataka niandike waraka wa kitaalamu kwamba hakuna kampuni nyingine inayoweza kazi hii, ili tuwape mkataba wa miaka mitatu bila ushindani. Bei waliyoleta imepanda kwa asilimia 40. Tukiamua kuondoka, wametuma ankara tofauti ya "huduma ya kuhamisha taarifa". Mkataba wa sasa unasema taarifa ni mali ya halmashauri, basi. Hausemi tutazipataje.

Kuna jambo jingine linaloninyima usingizi. Meneja mauzo wa kampuni hiyo ndiye aliyekuwa mkuu wangu wa kitengo kabla hajaondoka serikalini. Kazi hii nimeijua mikononi mwake, na hadi leo ananiita mdogo wangu. Ananipigia jioni, na juzi amenitumia rasimu ya vipimo vya kiufundi "nisihangaike kuandika". Sijamjibu.

Nikisaini, mkaguzi akija jina lililo chini ni langu. Nikikataa, mfumo ukizimwa baada ya miezi minne masoko hayatakusanya hata senti, na nitaitwa mtu aliyekwamisha mapato. Mwenzangu wa idara nyingine alibishana kwa jambo dogo kuliko hili, akahamishwa. Mkurugenzi si mtu mbaya kwangu. Nifanyeje?

Kalamu Imenigomea

*

Ndugu yangu,

Nikikuelewa sawasawa, umewekewa karatasi mbili mezani na muda mfupi. Ya kwanza inasema kazi ya zamani imekamilika. Ya pili inasema kazi ijayo hawezi kuifanya mwingine. Upande mmoja amesimama aliyekulea kikazi, upande wa pili mkurugenzi mwenye jicho kwenye kalenda ya bajeti. Wewe umezifunga zote pamoja ukauliza: nisaini au nikatae? Naomba tuzifungue, maana kila karatasi ina njia zake, na njia hizo ni zaidi ya mbili.

Kabla ya hapo nikuulize kuhusu mambo machache unayoyachukulia kuwa yamekwisha kuamuliwa. Je, mkurugenzi anajua kwamba deni linanakiliwa mara mbili? Hujaandika kwamba umemwonyesha. Anayejua tu kwamba "kuna marekebisho madogo" atasema watamalizia baadaye kwa nia safi kabisa. Anayejua kwamba wamiliki wawili watapelekewa bili ya deni moja, kisha waende mahakamani au kwa diwani wao, huenda akaongea lugha nyingine. Halafu, je, ni kweli mfumo utazimwa siku mkataba unapoisha? Huenda, lakini hilo ni jambo la kusoma kifungu cha ukomo na kuuliza kampuni kwa maandishi. Hofu ya kuzimwa ndiyo inayokusukuma wewe, mkurugenzi na ununuzi kwa pamoja, na hakuna kati yenu aliyeiuliza rasmi.

Sasa cheti. Kwenye mikataba mingi ya mifumo, saini ya mapokezi inafungua milango mitatu kwa mpigo: malipo ya mwisho yanaiva, muda wa matazamio, ambao kampuni inawajibika kurekebisha kasoro, unaanza kuhesabiwa, na dhamana ya utekelezaji, ile inayowalinda kampuni isipotimiza kazi, inaanza kuachiliwa. Ndiyo sababu "baadaye" huwa haifiki. Kampuni si lazima iwe na hila. Mafundi wake wana wateja wengine ambao bado hawajalipa, na hao ndio watakaohudumiwa kwanza.

Njia moja ni cheti cha sehemu: moduli sita zimepokewa, ya saba bado. Angalia jedwali la malipo kwanza. Kama asilimia 20 imefungwa kwa zote saba bila mgawanyo, cheti cha sehemu peke yake hakitoi fedha, lazima pande zote zisaini nyongeza ya mkataba inayogawa kiasi hicho. Hapo usigawe kwa saba. Moduli ya kodi ya majengo yaweza kuwa nzito kuliko ada ya maegesho na vibali vikiunganishwa, kwa hiyo kinachobaki mkononi kipimwe kwa kazi iliyobaki. Hatari yake iko wazi: kila unachokitoa sasa kinapunguza nguvu yako ya kuwarudisha mezani. Faida yake ni kwamba mkurugenzi anapata kitu cha kulipa kihalali kabla ya mwaka kufungwa, na wewe unasaini ulichokishuhudia.

Njia nyingine ni kuitia moduli ya saba kwenye jaribio la kweli wiki hii na wiki ijayo, badala ya kubishana nayo kwa barua pepe. Jaribio la mapokezi lisiandaliwe na kampuni. Watu wa mapato wachague akaunti kama 40 na kukokotoa majibu kwa mkono kabla ya kugusa mfumo: kiwanja kilichogawanywa kikiwa na deni, viwanja viwili vilivyounganishwa, mmiliki aliyefariki na mali ikahamishwa, malipo yaliyozidi, malipo yaliyoingia bila namba ya akaunti, malipo ya dakika za mwisho za mwaka yaliyosoma benki siku ya pili, msamaha wa adhabu ulioidhinishwa, risiti iliyofutwa. Kisha mfumo ukokotoe, na tofauti ziandikwe kwa madaraja. Daraja la kwanza ni kosa linalobadilisha fedha au kuonyesha taarifa za mlipaji mmoja kwa mwingine. Likiwepo hata moja, hakuna mapokezi. La pili ni kasoro yenye njia ya kuzunguka, ambayo inaweza kuvumiliwa kwa tarehe maalumu ya kurekebishwa. La tatu ni mwonekano na maneno. Makosa matatu uliyoyataja, kwa jinsi ulivyoyaeleza, yote ni ya daraja la kwanza. Ukiwa na karatasi hiyo iliyosainiwa na mhasibu wa mapato pamoja nawe, suala linatoka kwenye "TEHAMA imekataa" na kuwa tofauti ya hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuirudia.

Kuhusu fedha kurudi, zungumza na mweka hazina kabla ya kurudi kwa mkurugenzi. Kuna taratibu zinazoruhusu fedha iliyokwisha kufungwa na mkataba kuvuka mwaka kwa kibali, na kuna zisizoruhusu kabisa. Baadhi ya mikataba inaruhusu kulipa mapema dhidi ya dhamana ya benki. Mkielekea huko, dhamana iwe ya kulipwa kwa madai ya kwanza bila masharti, na tarehe yake ya mwisho ipite tarehe ya kukamilisha kazi kwa miezi kadhaa. Dhamana nyingi hufa kimyakimya kwenye faili kwa sababu hakuna aliyeweka ukumbusho wa kuihuisha.

Karatasi ya pili ndiyo yenye utelezi zaidi. Sentensi "kampuni hii pekee ndiyo yenye uwezo wa kurekebisha msimbo wa mfumo huu" pengine ni kweli, na unaweza kuiandika. Sentensi "hakuna kampuni nyingine inayoweza kuikusanyia halmashauri mapato" ni dai kuhusu soko zima, na barua yako haionyeshi kama kuna aliyelichunguza. Ununuzi wanataka ya pili, ila ushahidi mlio nao ni wa ya kwanza.

Sheria za ununuzi zinatofautiana, lakini nyingi zinafanana na sheria ya mfano ya ununuzi wa umma ya UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara ya kimataifa, ya 2011, na inafaa uisome pamoja na yenu. Inaruhusu kumfuata mtoa huduma mmoja pale ambapo kweli ndiye pekee au ana haki miliki na hakuna mbadala wa kuridhisha. Inaruhusu pia kuongeza kwa yuleyule kwa sababu ya ulinganifu na vifaa mlivyonavyo, lakini inataka mpime mambo manne: ununuzi wa kwanza ulitimiza haja kwa kiasi gani, nyongeza ni ndogo kiasi gani ukilinganisha na mkataba wa awali, bei inafaa, na mbadala hazifai. Jipime: moduli moja haijatimia, nyongeza ni miaka mitatu juu ya mitano, bei imepanda asilimia 40, mbadala hazijatazamwa. Na wanapotaja dharura, sheria hiyohiyo inamruhusu mtoa huduma mmoja pale tu haja ya haraka mno inapoletwa na janga, na hata kwa majadiliano ya ushindani inataka dharura isiwe imetabirika wala kuletwa na uzembe wa taasisi yenyewe. Tarehe ya mwisho wa mkataba ilikuwa kwenye ukurasa wake tangu siku uliposainiwa.

Kuchunguza soko hakuhitaji zabuni. Barua ya kurasa mbili ya kuomba taarifa, iliyotolewa na kitengo cha ununuzi kwa wazi na kupewa wiki mbili, inatosha: idadi ya akaunti, idadi ya mashine za mkononi, njia za malipo, ripoti mnazohitaji, na swali kuhusu muda wa kuhamia na muundo wa bei. Zisipokuja barua za maana, waraka wako utakuwa na mguu wa kusimamia. Zikija nne, mkurugenzi atakuwa na silaha ya kujadili ile asilimia 40 hata kama mwisho wa yote mtabaki palepale.

Niseme wazi kwamba miezi minne haitoshi kwa zabuni kamili na kuhama. Hesabu kurudi nyuma: kuandika mahitaji na kuyapitisha, tangazo, tathmini, idhini na muda wa malalamiko ya wazabuni, majadiliano na saini, kusafisha na kuhamisha taarifa, mafunzo, halafu mifumo miwili kwenda sambamba angalau hadi mwezi mmoja mzima ufungwe kwa hesabu zinazolingana. Kwa mfumo wa mapato hiyo ni miezi tisa hadi kumi na miwili, na hapo hamjakosea popote. Usipange kamwe kuhama msimu wa leseni, wakati foleni ziko mlangoni.

Kwa hiyo nyongeza ya muda ya aina fulani huenda isiepukike, na kukubali hivyo hakukufanyi mshirika wa lolote. Swali ni mnanunua muda gani na kwa masharti yapi. Miaka mitatu inawatuliza ununuzi, na inaiachia kampuni kila kitu. Miezi tisa au kumi na miwili, kwa bei ya sasa, ikiwa na haki ya kuvunja kwa notisi ya siku 60 au 90, inalinda makusanyo mnapojipanga. Kampuni inaweza kukataa bei ya zamani. Hapo waombe waichambue ile asilimia 40: kiasi gani ni seva, kiasi gani leseni, kiasi gani msaada wa watumiaji, kiasi gani ujumbe mfupi na ada za malipo. Bei isiyochambulika haijadiliki. Na wekeni kikomo cha ongezeko kwa maandishi, kwa sababu hata asilimia 15 kwa mwaka, inayosikika ya kawaida, inaifanya bei iwe maradufu baada ya miaka mitano.

Mkiwa hapo, tazameni kiwango cha huduma. Asilimia 99 ya upatikanaji inasikika vizuri, kumbe inaruhusu mfumo kulala kwa saa 7 na dakika 12 kila mwezi wa siku 30, na zote zinaweza kuangukia siku ya gulio. Asilimia 99.5 ni saa 3 na dakika 36. Andikeni ni saa zipi zinahesabiwa, nani anapima, na makato yanatokaje kwenye ankara bila kuombwa.

Nimekaa muda mrefu kwenye muda na bei, ila ningekuwa na nafasi ya kukuuliza jambo moja tu, ningeuliza kuhusu taarifa. Unaandika kwamba mkataba unasema ni mali yenu, nawe unaonekana kutulia kidogo hapo. Umiliki bila njia ya kuchukua ni kama hati ya nyumba ambayo funguo zake ziko kwa mpangaji. Maadamu mkataba uko hai na kuna asilimia 20 haijalipwa, ombi lenu linasikilizwa haraka. Siku moja baada ya mkataba kuisha, ile ankara ya kuhamisha taarifa ndiyo itakayowaongoza.

Ombeni sasa, kwa barua ya mkurugenzi, nakala kamili ya hifadhidata: majedwali yote, maelezo ya kila safu, uhusiano kati ya majedwali, orodha za misimbo, viambatisho vilivyoskaniwa, kumbukumbu za nani alibadilisha nini na lini, watumiaji na haki zao, na malipo ambayo hayajapata akaunti. Iwe katika muundo unaofunguka bila programu yao, kwa mfano CSV (faili la maandishi lenye safu zilizotenganishwa kwa mkato) yenye usimbaji wa UTF-8 (njia ya kawaida ya kuhifadhi herufi) au nakala ya hifadhidata ya aina inayojulikana. Wakileta ripoti za PDF, hizo ni picha za taarifa, wala haziwezi kuingizwa kwenye mfumo mwingine.

Kisha pakieni kwenye seva yenu na kuikagua. Hesabuni mistari ya kila jedwali. Linganisheni jumla ya madeni kwa kila chanzo na ripoti ya mwezi uliokwisha kufungwa, hadi senti ya mwisho. Chukueni akaunti 50 kwa bahati nasibu na kuzifuatilia tangu bili ya kwanza. Mambo yanayoharibika hapa yanajulikana: mtu anafungua faili kwenye lahajedwali na sufuri za mwanzo za namba za simu na viwanja zinapotea, siku na mwezi vinabadilishana nafasi, risiti zilizofutwa hazimo kabisa kwa hiyo mfuatano una mapengo, na viambatisho vinakuja na majina ambayo hayamrejelei mtu yeyote. Ndiyo maana nakala ya kwanza haitoshi. Nyongeza ya mkataba iseme kila mwezi, na kwamba msaada wa kuhama ni sehemu ya bei.

Zabuni nayo isikuvutie kama tiba ya kila kitu. Birmingham, halmashauri ya jiji la Uingereza yenye wataalamu na fedha kuliko nyingi duniani, ilihamia mfumo mpya wa fedha na utumishi wa kampuni ya programu ya Oracle Aprili 2022 kwa mradi uliokadiriwa awali karibu pauni milioni 19. Waliubadilisha mfumo mno ili ufuate mazoea yao ya zamani, ulinganishaji wa miamala ya benki ukawashinda, na gharama zikapanda mara kadhaa. Septemba 2023 jiji lilitoa tangazo la kushindwa kumudu bajeti yake. Sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa madai ya malipo sawa kwa wafanyakazi wanawake, ila mfumo huo nao ulitajwa. Kampuni mpya, basi, inaweza kuwaletea tatizo jipya mkizibeba taratibu mbovu za zamani na kuziandika kama mahitaji. Mkifika kwenye tathmini, kila mzabuni aonyeshe kazi kwa zile akaunti zenu 40, baada ya kuficha majina ya walipaji, na bei ilinganishwe kwa gharama ya miaka mitano ikiwa na mafunzo, kuhama na kuondoka ndani yake.

Kujiunga na halmashauri nyingine kwenye mfumo wa pamoja, kama upo, ni njia ya bei nafuu inayostahili ziara moja. Mtapoteza uhuru wa kubadilisha vitu, na foleni ya maombi itakuwa ndefu.

Sasa huyu kaka yako. Barua yako imemwandika kwa upole na sitaki kuuharibu. Inawezekana anaamini kweli kwamba rasimu yake inakusaidia. Lakini rasimu ya vipimo kutoka kwa anayeuza, ikitumika bila wengine kujua, huweza kufuta zabuni nzima na kumwondoa hata yeye kwenye kinyang'anyiro kwa mgongano wa maslahi, kwa hiyo ukimya wako unamlinda pia. Unaweza kumjibu kwa heshima zote: "Kaka, rasimu nimeiona. Kwa kuwa ununuzi unakaribia, naipeleka kwa kitengo cha ununuzi iwekwe kwenye faili, na mawasiliano ya mkataba tuyapitishe kwa barua rasmi." Kisha uandike kwa mkurugenzi mistari mitatu kwamba mlifanya kazi pamoja na kwamba ametuma rasimu. Ataumia kidogo? Huenda. Hatari ya kutotamka ni kwamba siku rasimu hiyo ikipatikana kwenye simu yako, hakuna atakayeamini kwamba hukuitumia.

Ukienda kwa mkurugenzi, usiende na kukataa. Nenda na ukurasa mmoja: yaliyopimwa na matokeo yake, njia tatu za malipo zilizothibitishwa na mweka hazina, urefu wa nyongeza ya muda na masharti yake, na kalenda. Umuonyeshe bili mbili za kiwanja kimoja kilichogawanywa. Mwanasheria wa halmashauri na mkaguzi wa ndani wapate nakala kupitia kwake, wasisikie kwa mlango wa nyuma. Akiendelea kusisitiza, unaweza kumwandikia: "Hadi tarehe hii nimeshuhudia moduli sita zikifanya kazi kama ilivyoagizwa. Ya saba sijaishuhudia, na matokeo ya jaribio nimeambatisha." Uamuzi wa kulipa una mwenye mamlaka nao, na si wewe. Anaweza kuuchukua akiwa na maelezo yako mbele yake.

Hilo halikuhakikishii kwamba hutahamishwa. Siwezi kukuahidi hivyo, na ni wewe unayejua una watoto wangapi shuleni na mkurugenzi huyu anapokeaje habari mbaya. Kuna watu wenye akili timamu ambao wangeomba kamati ya mapokezi ya watu watatu isaini kwa pamoja ili mzigo usiwe wa mmoja, na kuna ambao wangeomba kujitoa kwenye tathmini kwa sababu ya uhusiano na meneja yule. Zote mbili ni njia za heshima. Ya kwanza inahitaji wenzako wawe wameliona jaribio kwa macho yao. Ya pili inakuondoa kwenye chumba ambamo wewe ndiye unayeyajua makosa, kwa hiyo karatasi ya jaribio ibaki humo badala yako.

Kabla hujaingia kwenye kikao hicho, kuna mambo ambayo barua yako haikuyataja na majibu yake yanaweza kubadilisha mpango mzima. Namba ambayo walipaji wanaitumia kulipa kwa simu imesajiliwa kwa jina la nani, halmashauri au kampuni? Jina linalotokea kwenye ujumbe mfupi wa risiti? Anwani ya tovuti ya malipo? Mashine za mkononi mlizinunua au mmezikodi, na nani ana nenosiri la usimamizi wake? Benki na kampuni ya simu watakujibu kwa barua moja kila mmoja. Ikiwa namba ya malipo ni ya kampuni, kuihamishia kwa halmashauri kuwe sharti la kwanza la nyongeza yoyote ya muda, na kuanze kabla ya mengine, kwa sababu kunategemea benki na kampuni ya simu ambazo hazifuati kalenda yenu.